Posa ya Kalvati

Jumatatu, 24 Februari

Bismillahi. Naanza shajara hii miye Jecha, fundi mkuu wa Chokocho na, bila ya kujisifu, wa kusini yote ya Pemba. Sijawahi kuandika shajara maishani. Skuli niliacha darasa la saba, walimu walipokwisha kunifundisha walichokijua. Lakini leo Bi Ruweida, afisa ununuzi wa halmashauri, alitwambia sisi mafundi tuliokwenda kuangalia eneo la kazi kwamba mkandarasi anayejiheshimu huandika kila siku: hali ya hewa, nani kaja, kipi kimefanyika.

Nikamuuliza, "Na ambaye kazi hajapewa bado?"

Akasema, "Huyo aandike anavyosubiri, mzee wangu."

Basi nasubiri. Hali ya hewa: jua kali. Waliokuja: mafundi wengi kuliko kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Baina ya Chokocho na mtaa wetu wa Ng'ambo pana bonde la mpunga, na katikati ya bonde unapita mto. Kiangazi mtu anavuka juu ya magogo ya minazi, huku akizungumza na simu. Masika mto unayabeba magogo, na Ng'ambo inakuwa Ng'ambo kweli. Halmashauri imetangaza zabuni ya kujenga kalvati la zege hapo. Kila fundi anatia bei yake kwenye bahasha, anayefaa anapewa. Kazi iishe kabla ya mwaka wa fedha kufungwa mwisho wa Juni. Isipoisha, fungu linarudi lilikotoka, na sijamuona mtu aliyewahi kulifuata fungu likarudi naye.

Miye nimemwaga zege Muscat, Mombasa na Dar es Salaam. Kalvati kwangu ni kama chapati kwa mke wangu Asma.

Jumatano, 26 Februari

Nimewatangazia barzani: "Kalvati la Ng'ambo ni langu. Nimeliangalia, limeniangalia, tumependana." Watu walicheka, kahawa ikamiminwa upya. Akapita Mardhiya, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaofyatua matofali ya saruji kule Ng'ambo, nikamtangazia na yeye. Akasema, "Haya kaka Jecha, Mungu akujaalie." Nimemtangazia mpaka dereva wa gari ya samaki.

Sikumkuta Anselimu tu. Huyu ni fundi kutoka Kigoma aliyekuja Mkoani kujenga nyumba moja akasahau kurudi kwao. Mkristo, mpole, anapima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai. Nimemtumia salamu.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeonekana. Wengine wanasema haukuonekana. Nyumba yetu imefunga.

Ijumaa, 7 Machi

Masharti ya zabuni ni marefu kuliko khutba ya leo. Leseni, namba ya mlipakodi, bei ya kila kitu kuanzia nondo mpaka kokoto. Kisha wanauliza: kazi gani kama hii umewahi kufanya, na ushahidi wake ni upi? Nimejaza ukurasa mzima, nikaomba na mwengine. Nimeandika bandari, ghorofa, nyumba ya balozi. Kwenye ushahidi nimeandika: "Waulizeni watu."

Asma alisoma begani kwangu. "Baba Rahma, hii ni zabuni au ni maulidi yako?"

Jumatatu, 10 Machi

Nimetia bahasha. Sanduku la zabuni ni la chuma, lina kufuli mbili, na tundu jembamba ambalo mkono haupiti. Najua, nimeujaribu.

"Kufuli mbili za nini?" nilimuuliza Bi Ruweida.

"Ufunguo mmoja ninao miye, mwengine anao mhasibu. Hata nikitaka kuchungulia bei yako nimpe mjomba wangu, siwezi peke yangu."

"Na mkikubaliana nyie wawili?"

Alinitazama sana. "Ndiyo maana siku ya kufungua mnaitwa nyote, mkae mtutazame."

Nilipokuwa njiani nilikuwa nalifikiria sanduku lile. Nimetembea miji mikubwa, sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa kwa kuwadhania watu vibaya kwa adabu namna ile.

Alkhamisi, 13 Machi

Siku ya kufungua. Nilivaa kanzu ya Idd kabla ya Idd. Chumbani tulikuwa Bi Ruweida, mhasibu, sheha wetu kama shahidi, miye, na viti vitupu. Nikasema moyoni, wenzangu wamechelewa kwa saumu. Mhasibu akafungua kufuli yake, Bi Ruweida yake, sanduku likainuliwa na kupinduliwa juu ya meza.

Ikaanguka bahasha moja. Yangu.

Nikaruka. Wallahi niliruka na kanzu yangu. "Nimeshinda!"

Bi Ruweida hakucheka. Alisema kwa upole, "Umemshinda nani, Mzee Jecha?"

Nikaangalia viti.

Akanieleza. Kwa kazi hii sharti zije bahasha tatu au zaidi. Ikija moja, halmashauri haina cha kulinganisha, haijui kama bei ile ni ya haki au ni ya mtu aliyejua kuwa yuko peke yake. Zabuni imefutwa. Itatangazwa upya. Na mara ya pili ikishindikana, hapatakuwa na muda tena wa kujenga kabla ya Juni, na fungu litapewa shehia nyengine au litarudi.

"Lakini bei yangu ni nzuri!"

"Huenda ni nzuri. Nitajuaje?"

Nimerudi nyumbani. Mvua ya mwanzo ya masika imenipata njiani na kanzu ya Idd.

Ijumaa, 14 Machi

Nataka kujua. Siku ya kuangalia eneo walikuja mafundi tele, na walipima kwa hamu. Wote wamekwenda wapi?

Nilivuka magogo kwenda kwa Mardhiya. Alikuwa anamwagia maji matofali yake, na wenzake wanafyatua.

"Mardhiya, kikundi chenu si kimesajiliwa? Mbona hamkuomba?"

Akasimama, mkono kiunoni. "Kuomba nini, kaka Jecha? Si ulisema mwenyewe limekupenda? Nije nipose juu ya posa yako? Mama yangu hakunilea hivyo."

"Posa gani? Lile ni kalvati!"

"Ulitangaza barza nzima. Mtu akishatangaza, mwenye haya anakaa kando. Tena juu ya mtu wa mtaa wake!"

Wenzake wakaitikia, "Haswaa!" Mmoja akaongeza, "Na kanzu ulivaa, bwana harusi."

Nikapanda bodaboda mpaka Mkoani kwa Anselimu. Nikadhani yeye, mtu wa bara, atakuwa na sababu nyengine. Alinikaribisha, akapima sukari, akakumbuka nimefunga, akaona haya, akaiondoa chai.

"Mzee Jecha, bei nilikwisha kuandika. Nikasikia umekwisha kusema. Nimekaa na nyie miaka mingi, nimejifunza: hapa mtu hapandi juu ya neno la mwenzake. Sikutaka waseme yule mgeni hana adabu."

Nikamwambia Asma wakati wa futari. Alicheka mpaka uji ukamwagika. "Kwa hivyo sanduku lina kufuli mbili, na ya tatu ni mdomo wako."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Magogo yamekwenda.

Alkhamisi, 20 Machi

Leo nitaandika kirefu, ingawa nimechoka.

Asubuhi amefariki Bi Mwanamize wa Ng'ambo, mama wa watu, aliyetufundisha wengi wetu Kurani tungali tunavuta kamasi. Makaburi yako upande huu wa Chokocho. Baina ya maiti na kaburi lake, mto.

Tulikwenda wanaume wote. Walioweza kuogelea wakavuka na kamba, wakaifunga kwenye mnazi kila upande. Nikamuona Anselimu ameshakunja suruali. Nyumba ya Bi Mwanamize aliipiga lipu yeye, akawa anaitwa mwanangu. Akaishika kamba katikati ya mto, pale maji yalipo na nguvu, akawa kama nguzo.

Jeneza likateremshwa. Na hapo, ndugu zangu, nikaona jambo. Nyote mnajua desturi yetu: jeneza halibebwi na watu walewale, kila mtu anagombania bega lake kwa thawabu, hatua chache anapokonywa na mwengine. Basi hata mtoni, maji kifuani, tumefunga, watu walikuwa wanagombania! "Nipishe!" "Na miye!" "Toka, umeshapata!" Hakuna aliyesema Jecha keshatangaza. Hakuna aliyekaa kando kwa haya. Miye mwenyewe nilimsukuma sheha wa serikali.

Katikati, mtu mmoja akateleza. Sijui nani, labda ni miye. Pembe ya jeneza ikazama. Anselimu akaiachia kamba kwa mkono mmoja, akaingiza bega lake chini ya ile pembe, akainua, akipiga kelele kwa Kiha chao, maneno sijui ya dua au ya matusi. Jeneza likanyanyuka. Lakini sanda ilikuwa imelowa, na maji ya tope yakawa yanachuruzika kwenye mbao njia nzima mpaka makaburini.

Mwana wa Bi Mwanamize alikuwa anatembea nyuma, anayatazama yale matone. Hakulaumu mtu. Ingekuwa afadhali alaumu.

Tulipokwisha kuzika, Anselimu alikuwa amesimama mbali nje ya uzio, anatetemeka kwa baridi. Nikamvua shati lake lililolowa nikampa koti langu la Muscat, nililolivua kabla ya kuingia mtoni. Ni la sufi safi. Sijamdai.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda tena kwa Bi Ruweida. Tangazo jipya limebandikwa, mwisho ni Aprili 15. Nikamuuliza, kwani bila ya bahasha tatu haiwezekani hata mngejua watu wanavyopata tabu? Akasema aliambiwa habari za jeneza, na hakulala vizuri. "Lakini Mzee Jecha, nikikupa weye leo kwa huruma, kesho aliye nyuma yangu atampa shemegi yake kwa huruma."

Jibu hilo limenikaa. Halipendezi, lakini limenikaa.

Jumapili, 23 Machi

Nimepata akili. Nitamwomba Mardhiya atie bahasha, na Anselimu atie, kila mmoja aandike bei ya juu sana. Zinakuwa tatu, yangu ndiyo ya chini, sheria imeshiba, kalvati linajengwa, heshima yangu iko mahala pake. Nimejaa akili mpaka naogopa.

Jumatatu, 24 Machi

Kabla ya kwenda nimesema nimuulize Shehe Hija. Huyu ndiye imamu wetu, na ana duka la vipuri vya pikipiki, kwa hivyo ukimuuliza la dini anakujibu huku anafungua nati.

Kwanza nikamuuliza la posa. Akasema, "Tumekatazwa kuuza juu ya mauzo ya ndugu na kuposa juu ya posa yake. Hiyo ni pale mwenyewe keshaelekea kukubali. Mnada ni kitu chengine. Mwenye mali hajasema neno, kila mtu ataje bei yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuza kwa mnada. Halmashauri ilikwambia imekukubali?"

"Hapana, Shehe."

"Basi hukuposa. Ulipita mbele ya nyumba ya watu ukapiga mbinja."

Waliokuwa dukani wakaanguka kwa kicheko. Nikangoja watoke, nikamuuliza la pili kwa sauti ndogo: na nikiwaomba wenzangu watie bei kubwa, wanisindikize tu?

Akaweka spana chini. "Hiyo ina jina lake. Najshi. Mtu anataja bei na kitu hakitaki, anataja ili kumlaghai mwenye mali. Haramu, Jecha. Na mwenye mali hapa si halmashauri. Ni wale waliokuwa wanapita na jeneza."

Akaokota spana. Nikakaa kitako kwenye tairi. Maana yake nimeiona pale pale: nikitaka kalvati lijengwe, lazima niwaite watu waje kunishinda kwa kweli. Na huenda wakanishinda.

Nimetembea dunia, hili sikuwahi kukutana nalo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefanya. Baada ya sala ya Ijumaa niliomba ruhusa nikasimama. Nikasema: "Ndugu zangu, kalvati la Ng'ambo si mchumba wangu. Sijaliposa. Kila aliyekaa kando kwa ajili yangu, ahsante, sasa aingie. Atakayetia bei yake ya kweli hakunivunjia heshima. Atakayeacha ndiye aliyenivunjia."

Halafu sauti ya nyuma: "Na Asma je, umemwacha na yeye?"

Ndani ya msikiti walijizuia. Nje hawakujizuia.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Biriani. Mvua. Kanzu imeingia madoa ya tope ambayo Asma anayaita ramani ya Muscat.

Alhamdulillahi, Mardhiya amenitumia, kwa kijana aliyevuka kwa kamba, sahani ya kaimati na salamu: "Mwambie kaka Jecha ajitayarishe, tunakuja kumlaza chali."

Jumamosi, 5 Aprili

Ushindani ni maradhi. Asma na Mardhiya walikuwa hawapitishi siku bila ya kuzungumza saruji, watu, ndoa na vifo. Sasa wakikutana wanazungumza vifo tu. Juzi maji yalipopungua Mardhiya alivuka, akaanza, "Kokoto siku hizi..." akajifunga mdomo kwa ushungi. Asma akaja nyumbani amekasirika: "Umeniharibia shoga."

Miye nimekutana na Anselimu sokoni. Tumezungumza mvua. Kisha tukazungumza mvua ya mwaka jana. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wangu wa shati, na yangu kwenye wake, na mifuko yote miwili ilikuwa na tumbaku tu.

Jumatano, 9 Aprili

Jambo la ajabu. Nilimwandikia Bi Ruweida kumuuliza kama mchanga wa pwani unaruhusiwa. Leo limekuja jibu kwa ujumbe wa simu: hauruhusiwi, uwe wa shimo lenye kibali. Sawa. Kumbe jibu hilohilo wamepelekewa wote waliochukua fomu! Bila ya jina langu! Nikampigia: "Bi Ruweida, akili yangu mmeigawa bure kama sadaka?"

"Na za wenzako si umezipata weye?"

Kweli. Chini yake pana maswali mengine na majibu yake. Nimekaa nikayasoma kama barua za mapenzi. Linaloanza "Naomba radhi kwa usumbufu" ni la Anselimu, naapa. Linalouliza kama matofali yanaweza kununuliwa kwa kikundi cha hapohapo ni la Mardhiya, na ni swali la ujanja. La mwisho linauliza maji ya masika yanafika kimo gani, na wamejibu wamempeleka mhandisi kupima baada ya yale yaliyotokea kwenye mazishi. Hilo sikumjua muulizaji. Nimelisoma mara nyingi. Lingekuwa langu ningefurahi.

Jumanne, 15 Aprili

Sanduku. Safari hii viti vilikaliwa. Miye, Anselimu na suruali yake ya kanisani, Mardhiya na wanawake watatu waliomsindikiza kama wanakwenda harusini. Mvua inapiga bati mpaka tunazungumza kwa ishara.

Saa ya mwisho ikafika, Bi Ruweida akaziba tundu la sanduku kwa karatasi na kutia sahihi. Hapo hapo mlango ukafunguka akaingia mtu wa Chake Chake, kalowa chapachapa, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Vespa yake ilikwama tope.

"Samahani, muda umekwisha," akasema Bi Ruweida.

Nikasimama. "Mpokeeni! Mvua hii, mtu katoka Chake!"

"Mzee Jecha, unamtetea mshindani wako?"

"Namtetea mtu aliyelowa."

Hakupokewa. Amerudishiwa bahasha yake haikufunguliwa. Bi Ruweida alikuwa na huruma usoni, na huruma ile haikushuka mpaka mkononi. Yule bwana nimempa nusu ya maandazi yangu.

Zikamwagwa bahasha mezani. Tatu. Hapana hata moja ya akiba! Nikapumua mpaka Mardhiya akaniuliza kama ni pumu. Zikasomwa bei kwa sauti: ya Mardhiya ya juu, ya Anselimu ya kati, yangu ya chini kabisa. Moyo ulinipiga dufu. Lakini safari hii sikuruka. Bi Ruweida alisema kusomwa si kushinda, kuna tathmini.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Tathmini. Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Kapewa Anselimu.

Jumanne, 6 Mei

Jana sikuweza kuandika zaidi. Leo nimekwenda kuuliza, maana barua inasema aliyekosa ana haki ya kuelezwa sababu.

"Bei yangu ya chini!" nilisema kabla ya salamu.

"Waalaykumu salamu," akasema Bi Ruweida. "Ndiyo, ya chini. Tunampa mwenye bei ya chini miongoni mwa waliotimiza masharti." Akanionesha sharti: ushahidi wa kazi moja ya zege iliyowahi kukamilika. Anselimu ana barua ya msingi wa skuli na mtaro wa soko. "Weye umetaja bandari, ghorofa na nyumba ya balozi. Ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi ni miye."

"Nakuamini, mzee wangu. Lakini karatasi moja tu, hata ya bosi wako wa Muscat."

Nikafikiri. Tajiri wa Muscat hata jina langu hakulijua. Alikuwa ananiita "Zinjibari", na tulikuwa Zinjibari wengi, akiita tunageuka sote. Lile ghorofa lipo, watu wanalala ndani, na hakuna pahala palipoandikwa kuwa Jecha alilimwagia zege. Sikumwambia haya. Nimeyaandika hapa.

Alkhamisi, 8 Mei

Barza imechemka. "Bei ya chini umekosa! Mgeni kachukua kazi yetu! Lalamika!" Kweli haki ipo: kuna muda wa kulalamika kabla mkataba haujatiwa sahihi, na ukilalamika kila kitu kinasimama mpaka shauri lisikilizwe. Wamekwisha kunitafutia mwandishi wa kuniandikia lalamiko.

Nikawauliza, "Siku ya jeneza mlimwita mgeni?"

Wakamiminiana kahawa. Kisha mmoja akasema, "Jeneza ni jeneza, tenda ni tenda."

Na miye, nisiseme uongo kwenye shajara yangu, moyo wangu ulikuwa upande wao. Nalitaka lile kalvati. Naliona mpaka nondo zake.

Jumamosi, 10 Mei

Mardhiya amekuja kwa mtumbwi mdogo ambao vijana wanausukuma kwa upondo baina ya migomba, maana bonde zima sasa ni maji. Asma alimpokea kwa kelele za furaha, saruji ikazungumzwa kwa kufidia mwezi mzima.

Kisha akaja kukaa na miye ukumbini.

"Kaka Jecha, nasikia utalalamika."

"Umekuja kuniomba nisilalamike?"

"La. Haki yako. Na miye nimekosa, naijua inavyouma. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Siku ile ya Bi Mwanamize, maji yalikufika wapi?"

Niliweka mkono hapa, juu ya chuchu.

"Hapo," akasema. Akamaliza chai yake, akamuaga Asma, akaenda zake.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya mwisho ya kulalamika. Nimekwenda kupalilia muhogo. Mwandishi amenipigia simu, sikupokea. Akanipigia tena, nikapokea nikamwambia naye aje apalilie.

Alasiri barza ikaniuliza, "Vipi, Jecha?" Nikasema, "Muhogo mzuri mwaka huu." Asma amenipikia pweza, bila ya kusema kwa nini.

Jumatano, 14 Mei

Anselimu amekuja, koti langu mkononi limefuliwa na kupigwa pasi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mzee Jecha, mkataba nimetia sahihi. Sikuja kuomba radhi, maana nilisikia ulisema msikitini kwamba atakayetia bei hakukuvunjia heshima. Nimekuja kwa shida yangu. Nahitaji mtu wa kusimamia zege. Mvua zikipungua tuna nafasi ndogo, kosa moja tu fungu limekwenda. Matofali ya kuta za pembeni nanunua kwa Mardhiya. Zege nataka weye."

"Unanijua mdomo wangu."

"Zege halina masikio."

Nilicheka, nikataka nimkatalie kidogo ili anibembeleze, kama desturi. Nikashindwa. "Na kazi ikiisha," nikamwambia, "uniandikie barua. Jina langu kamili, na nililolifanya. Hilo tu, usizidishe. Ya kuzidisha ninayo mwenyewe."

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imekatika. Tumechimba, tumegeuza mto pembeni kwa viroba vya mchanga. Wiki iliyopita mhandisi wa halmashauri alikuja kupima, tukagombana juu ya nondo, akashinda yeye, kesho yake nikaona alikuwa sahihi. Sikumwambia.

Jumanne, 3 Juni

Zege. Tangu alfajiri, bila ya kusimama, wanawake wa Mardhiya kwenye maji na mchanga, vijana kwenye mabeleshi, na miye juu ya mbao nikipiga kelele kwa Kiswahili, Kiarabu cha Muscat na lugha ambayo sijui niliitoa wapi. Barza yote ilikuja kutazama. Nikawaambia anayetazama na ashike ndoo. Yule aliyesema tenda ni tenda alishika mbili.

Alkhamisi, 19 Juni

Mbao zimetolewa. Mhandisi amegonga kila pahala kwa nyundo, na ameridhika. Kibao kimesimamishwa, jina la Anselimu. Linauma bado, kidogo, kama mwiba uliokwisha kutolewa.

Jumatatu, 23 Juni

Hali ya hewa: kipupwe, mawingu mepesi, na usiku wa jana ilinyesha mvua ya mwisho ya kutuaga, kubwa.

Waliokuja: Ng'ambo nzima. Lori la kwanza lililovuka lilibeba matofali ya Mardhiya. Dereva alisimama katikati, akashuka, akachungulia chini, akapanda tena. Nyuma yake akapita mtoto wa Bi Mwanamize na familia yake, wanakwenda makaburini kumsomea mama yao, kanzu zao kavu, viatu miguuni. Alipofika pale pembe ya jeneza ilipozama alipunguza mwendo, akatazama zege, akatutazama miye na Anselimu tuliokuwa tumesimama kando. Akatupa salamu, akaendelea.

Kilichofanyika: maji yamepita chini, watu wamepita juu.